Ajali, Kadari na Haki ya Njia katika Milima ya Usambara

Neno ajali limebeba katika Kiswahili mizigo miwili ambayo lugha lilikotoka haikulitwisha pamoja. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya muda uliowekwa, yaani kikomo cha uhai wa kiumbe kisichosogezwa mbele wala nyuma, na magari yanapogongana Waarabu hutumia neno jingine kabisa, lenye maana ya jambo lililozuka. Waswahili ndio waliolichukua neno la kikomo cha uhai wakalivika tukio la barabarani, hata anayesema kwamba gari limepata ajali huwa anatoa habari za chuma na vioo na papo hapo, apende asipende, anatamka jambo la itikadi. Methali isemayo kwamba ajali haina kinga inakaa sawasawa ikihusu kifo kilichopangwa, lakini siku hizi husemwa kando ya Fuso lililolala ubavu, huku kabichi zikiwa zimetapakaa mpaka bondeni. Swali linalozaliwa hapo ni la dini na la falsafa kwa pamoja: je, kinachotokea kwenye kona ni ajali kwa maana zote mbili, na kama ndivyo, ni nani mwenye ruhusa ya kulisema hivyo?

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto inafaa kulipimia swali hili. Mombo iko chini ya mlima, kwenye barabara kuu inayounganisha Tanga na Dar es Salaam na mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, na reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1905, katika utawala wa Wajerumani, ambao ndio walioifungua njia ya magari kupanda hadi kwenye boma lao la Wilhelmstal, mji uliopewa jina la mfalme wao na ambao sasa ni Lushoto. Ni kilomita 33 hivi, na katika mwendo huo mfupi msafiri hupanda takriban mita elfu moja, mwamba ukiwa mkono mmoja na korongo mkono mwingine, mpaka Soni, ambako njia ya Bumbuli huchepuka, kisha Lushoto yenyewe, na kutoka hapo njia huendelea Magamba, Lukozi, Mlalo na Mtae. Lami ni nyembamba na kona hazihesabiki. Sensa ya 2012 ilikuta wilayani karibu watu laki tano, na idadi hiyo huilisha Dar es Salaam kabichi, karoti, viazi na nyanya, zinazoteremshwa kwa malori ambayo mengi husafiri usiku ili yawahi soko la alfajiri. Njia hiyo hiyo ndiyo ya Coaster za abiria, Noah zilizojaza kupita kiasi, na bodaboda zinazobeba mshikaki, yaani abiria wawili au watatu waliopangana nyuma ya dereva kama nyama kwenye kijiti. Masika yakikolea, udongo wa juu huteremka ukaziba upande mmoja wa njia, na kwa siku kadhaa magari hupokezana upande uliobaki.

Wakazi wa milima hii wana maoni mengi juu ya barabara yao, na maoni hayo hupishana kwa kadiri mtu alivyokaa. Abiria humlaumu dereva anayeteremka frii, yaani aliyetoa gia ili gari lijiendee lenyewe kwenye mteremko na kubana mafuta, jambo ambalo huinyima injini nafasi ya kulizuia gari na kuziachia breki kazi yote mpaka zichemke. Dereva hulaumu wembamba wa njia, na mwenye mzigo hulaumu ucheleweshaji, kwa kuwa nyanya hazina subira. Mkulima mwenye shamba kando ya barabara husikia habari za upanuzi kwa moyo mzito, maana Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani ukanda usioruhusiwa ujenzi wala kilimo, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa mstari wa katikati. Kwenye uwanda, mita 30 ni mita 30; huku juu, upande mmoja zinaweza kuishia ndani ya mwamba na upande wa pili hewani, juu ya paa la jirani wa chini. Lakini lori likishatumbukia, maoni haya yote hukunjwa kama mkeka na kuwekwa pembeni, na sauti moja tu ndiyo inayosikika, kwamba ni ajali, ni mipango ya Mungu.

Yafaa kulinganisha kidogo na nchi za uwanda mkavu. Oman, ambako Waswahili wengi wenye asili ya huko walihamia baada ya 1970, ilikuwa wakati huo na kilomita kumi hivi tu za lami nchi nzima, na ndani ya uhai wa kizazi kimoja ikajawa na barabara pana. Dodoma nayo, tangu serikali ihamie, inapanuka juu ya nchi kame iliyo wazi. Kwenye uwanda kama huo ardhi haimzuii sana mhandisi, kwa hiyo mwananchi anayeteta juu ya barabara anajua kwamba anateta na mtu. Milimani lawama hupata mahali pa kujificha, kwa sababu mlima wenyewe unaonekana kuwa mkosaji. Hata hivyo mlima ulikuwapo kabla ya barabara, na kila kona iliyopo ilichorwa na mtu aliyeamua ipite hapo, iwe na upana fulani, iwe na ukingo wa chuma au isiwe nao.

Kabla ya msikiti na kanisa kushika mizizi, Wasambaa walikuwa na namna yao ya kulijibu swali la msiba, na namna hiyo haijafa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti miongoni mwao na kuandika kitabu kimoja juu ya ufalme wao mwaka 1974 na kingine juu ya fikra za wakulima wao mwaka 1990, ameonyesha kwamba siasa yao ilizunguka semi mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. (Msomaji asidanganywe na sikio, hii si kubana ya Kiswahili, ingawa dereva anayebana mafuta kwenye mteremko wa Soni anazitimiza zote mbili kwa mpigo.) Mvua ikinyesha kwa wakati au ikikosekana, mahindi yakizaa au yakinyauka, yote yalihesabiwa kuwa kazi ya mwenye nguvu. Mtawala mmoja aliyetulia juu ya nchi nzima aliiponya, na wenye nguvu wawili waliogombana waliiharibu, hali iliyoitwa nguvu kwa nguvu. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimkuta katika mji wake mkuu wa Vuga mwaka 1848, alitawala kwa heshima ya mvua, na baada ya kufa kwake mwaka 1862 mwanawe Semboja, aliyekuwa amejenga Mazinde chini ya mlima kwenye njia ya misafara, alipata bunduki kwa biashara ya njia hiyo na kuuvuruga urithi wa Vuga. Vita vya ndugu vilivyofuata vimesimuliwa kwa urefu na Abdallah bin Hemed katika Habari za Wakilindi. Ufalme uliojengwa juu ya mvua ulivunjwa na njia, na yeyote anayedhani kwamba barabara ni jambo la mafundi peke yao angepaswa kuanza kusoma hapo.

Faida ya fikra hii ni kwamba msiba una mwenyewe, na mwenyewe hutafutwa kwa kupima nguvu: aliyeweza kuzuia ndiye aliyeharibu. Wakulima wa bonde la Mlalo na kwingineko waliopinga matuta ya lazima katika miaka ya 1940 na 1950, waliyoamriwa na serikali ya Waingereza ili kuzuia mmomonyoko, walikuwa na mizani hii mkononi walipowauliza machifu wao wanaiponya nchi ya nani. Lakini fikra hiyo ina upande wa giza, nao haufai kufichwa. Dhana ya kwamba kila kifo kina mtu nyuma yake ikiachwa bila kipimo humfikia bibi kizee asiye na gari wala ofisi, akaambiwa kuwa ndiye aliyemla kijana wa bodaboda. Hapo mizani imegeuzwa juu chini, kwa kuwa aliyetuhumiwa ni mnyonge kuliko wote na wenye nguvu wamekwenda nyumbani.

Waislamu, ambao ni wengi katika milima hii, wanaamini kadari, yaani kwamba kila linalotokea limetangulia katika elimu na uamuzi wa Mungu, na imani hiyo ni nguzo ya sita ya imani. Ni kosa kubwa, hata hivyo, kudhani kwamba nguzo hiyo ilisimikwa ili watu waegemee na kulala. Wanatheolojia wa madhehebu ya Ashari, wanaofuatwa na wengi wa Mashafii wa Afrika Mashariki, walitunga dhana ya kasbu, yaani kwamba Mungu ndiye anayekiumba kitendo na mwanadamu ndiye anayekichuma, na kwa kukichuma anakuwa na jukumu juu yake. Dhana hiyo ni ngumu, na wapo wanafikra wa Kiislamu waliodai kwamba haieleweki. Ila maisha ya Waislamu wa kwanza yanatoa mfano ulio rahisi kuliko hoja. Mwaka wa 18 wa Hijria, sawa na 639, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kugeuza. Sahaba Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu na kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha akamtajia bonde lenye pande mbili, mmoja wenye malisho na mwingine mkavu, ambalo mchunga ngamia huteremka ndani yake: akichunga upande huu au ule, kote huko yumo ndani ya kadari, lakini ngamia watajua tofauti. Mfano huo hauhitaji mfasiri kwa mtu aliyesimama Irente, mahali ambapo mgongo wake uko kwenye mashamba ya kijani na macho yake yanaangalia, mita elfu moja chini, nyika iliyokauka.

Sheria ya Kiislamu inakwenda mbali zaidi ya mfano. Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inaeleza hukumu ya aliyeua kwa kukosea, yaani bila kukusudia, na inamtaka alipe dia, ambayo ni fidia kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na atoe kafara, ambayo kwa asiyekuwa na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga saumu miezi miwili mfululizo. Anayesoma hukumu hiyo kwa makini anaona kwamba kutokusudia kumepunguza adhabu bila kufuta deni. Marehemu amekufa kwa ajali yake, kwa maana ya kikomo chake, na bado dereva ana siku sitini za kufunga. Lau kadari ingekuwa inafuta wajibu, aya hiyo isingekuwa na kazi, na si rahisi kumpata Mwislamu atakayekubali kwamba iko aya isiyo na kazi. Kuhusu watawala, husimuliwa kwamba Umar huyo huyo alihofia kuulizwa na Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, abiria wa Noah hakosi kuwa nayo.

Upande wa Kikristo nao una tauni yake. Walutheri wa Kijerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na mafundisho yao yamekaa milimani kwa zaidi ya karne, kwa hiyo si nje ya mada kukumbuka kwamba mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther aliulizwa kwa barua kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia. Aliwatukuza wanaobaki kuhudumia wagonjwa, lakini aliwakemea vikali wale wanaokataa dawa na tahadhari kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, akahesabu kwamba wanamjaribu Mungu na kwamba huenda wakawa na damu ya wale waliowaambukiza. Khalifa wa Madina na mtawa wa zamani wa Saksoni, waliotengana kwa karibu miaka mia tisa na ambao wasingekubaliana juu ya mambo mengi, wanakutana hapa. Torati ilikwisha kulisema kwa lugha ya mafundi ujenzi: Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru ajengaye nyumba azungushie dari yake ukuta mdogo, mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Agizo hilo ni la ukingo. Anayeanguka anaanguka kwa miguu yake mwenyewe, na bado swali linamwendea aliyejenga. Injili ya Luka, katika sura ya 13, inaongeza katazo linalohitajika sana matangani, pale Yesu anapokataa kwamba watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine. Waliokufa hawahukumiwi kwa kufa kwao, na mnara haukupata utetezi wowote.

Ulimwengu usiokuwa na haja na teolojia umefika mahali pa jirani kwa njia yake. Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha sera kwamba hakuna kifo cha barabarani kinachokubalika na kwamba wanaoibuni barabara wanashiriki dhamana pamoja na wanaoitumia, na mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitangaza kuacha kutumia neno la Kiingereza linalolingana na ajali, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanaweza kuzuiwa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Kulifuta neno katika jarida ni rahisi. Kulifuta katika Kiswahili hakuwezekani, na pengine hakufai, kwa sababu liko kundi la watu ambao neno hilo ndilo lililowabakishia akili zao.

Kundi hilo ni la waliofiwa. Mama aliyeletewa mwili wa mwanawe kutoka Mombo hana haja ya kuelezwa joto la breki, na majirani wanaofika kumpa pole na kumwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa hawafanyi uvivu wa fikra. Wanamzuia asirudi usiku kucha kwenye kona ile na kujiuliza kwa nini hakumwambia asubiri gari la asubuhi. Kadari hapa inafanya kazi yake halali, ambayo ni kuufunga mlango wa mambo yaliyokwisha ili anayeishi aendelee kuishi. Wanaodharau kauli hiyo kwa jina la usasa hawajakaa matangani vya kutosha.

Ugumu huanza kauli hiyo hiyo inapotoka katika kinywa kingine. Sentensi inaweza kuwa ya kweli kwa maudhui yake na ikawa batili kwa msemaji wake, kama vile msamaha ulivyo halali kwa aliyekosewa na ukawa ufedhuli ukitangazwa na aliyekosa. Dereva hajui kikomo chake wala cha abiria wake, na kwa kuwa hakijui hawezi kukifuata, kwa hiyo kadari haiwezi kuwa sababu ya tendo lolote analolitenda. Hujulikana baada ya tukio tu, na baada ya tukio inawahusu walioumia. Mwenye chombo, fundi, trafiki aliyelitazama tairi lililokwisha akalipisha, na ofisi iliyopewa dhamana ya njia, iwe TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa au TARURA kwa zile za wilaya na vijiji, wote wako upande wa kabla. Kauli ya kadari kutoka kwao ni kuchukua maneno ya rambirambi na kuyageuza kuwa stakabadhi.

Wala haki haitendeki kwa kumwangushia mzigo wote kijana aliyeko mbele. Bodaboda nyingi si mali ya wanaoziendesha. Kijana huchukua pikipiki kwa tajiri na kila jioni humpelekea hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kilichokubaliwa, mvua inyeshe isinyeshe. Anayebeba watatu kupanda Magamba mara nyingi amebeba wawili kwa ajili ya hesabu na mmoja kwa ajili ya chakula chake. Neno hesabu nalo, kama ajali, lina kazi mbili katika Kiswahili, na aliyeipanga hesabu ya jioni huenda akakumbuka kwamba iko nyingine ambayo naye atapeleka.

Fundisho la Kiislamu linalohusu jambo hili kwa ukaribu zaidi ni lile la haki ya njia. Mtume aliwaonya masahaba wake dhidi ya kukaa barazani mwa njia, na waliposema kwamba hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo alitaja kuzuia udhia, yaani chochote kinachowaumiza wapitao. Mahali pengine alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, la chini kabisa, lakini tawi. Udhia huo huonekana kwa macho kati ya Mombo na Soni. Gari likikwama kwenye mpando, utingo huruka chini na jiwe kubwa kuliko kichwa chake akalisukuma nyuma ya tairi lisirudi kinyumenyume, kisha hukata matawi mabichi na kuyapanga barabarani hatua kadhaa nyuma, yawe alama kwa wanaokuja mahali pa pembetatu ya tahadhari ambayo aghalabu haimo garini. Ni kazi nzuri, ya haraka, inayostahili sifa. Gari likishapona, dereva hukanyaga mafuta, utingo hudandia, na matawi hunyauka yakapeperushwa na upepo. Jiwe hubaki katikati ya njia, rangi yake sawa na ya lami wakati wa usiku, likimsubiri mwenye pikipiki. Kabla utingo hajagonga bodi kumwashiria dereva aondoke, jiwe hilo na liwe limekwisha kutupwa upande wa mlima.